Lugha Tatu Darasani: Masomo ya Sekondari Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, watoto wengi hulelewa kwa Kiiraqw au Kidatooga. Shule ya msingi huwafundisha kwa Kiswahili. Wafikapo Kidato cha Kwanza, Hisabati, Fizikia, Biolojia, Jiografia na Historia hufundishwa kwa Kiingereza, ambacho kwao ni lugha ya tatu.

Baada ya mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, wanaochaguliwa kuendelea husoma Kidato cha Tano na cha Sita kwa tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu. PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia. HGK ni Historia, Jiografia na Kiswahili. Katika shule za serikali ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne mwaka 2016, na kwa Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022. Kikwazo cha lugha kimebaki.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, tusimhukumu upesi kijana anyamazaye darasani. Tumewasikia vijana wakieleza vema, kwa Kiiraqw, jinsi mmomonyoko unavyokula shamba la nyumbani, kisha swali hilohilo la Jiografia likawashinda kwa Kiingereza. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia Habari Njema kwa lugha yake mwenyewe. Jioni, mifugo ikisharudi zizini, tumwombe mtoto atueleze kwa lugha ya nyumbani alichojifunza, kisha tumwachie saa moja na taa, asome somo hilo tena kwa Kiingereza.