Mgomba ni shahidi wa udongo: mila ya Bushi juu ya miti inayokatwa na jirani

Katika Bushi, kwenye Kivu ya Kusini, mtu akiamka asubuhi na kukuta migomba yake imekatwa na panga, halii ndizi peke yake. Anajiuliza: jirani huyu anatafuta shamba langu? Ili tufahamu juu ya nini anawaza hivyo, turudi kwanza ku mila ya udongo.

Zamani udongo ulihesabiwa kuwa wa Mwami. Watu waliupata zaidi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kalinzi: mtu alitoa ng'ombe, ao mali ingine, kwa chifu mbele ya mashahidi, na shamba likawa lake na la watoto wake. Ya pili ni bwasa: alilima kwa muda, kisha akarudisha. Mwenye bwasa aliweza kupanda maharagi. Lakini mgomba, hapana! Maharagi yanavunwa na kuisha. Mgomba unatoa machipukizi miaka na miaka, na mwenye kuupanda ni kama anasema: niko hapa, sitoki. Basi, mahali pasipokuwa na karatasi, mgomba njo ulikuwa karatasi. Kuukata ni kupasua karatasi ya mwenzako.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza udongo wote kuwa mali ya Serikali. Hata hivyo, wanakijiji wengi wa Kabare na Walungu waliendelea kulima bila hati yoyote. Mashamba nayo yanazidi kuwa madogo, kwa sababu kila baba anagawia watoto wake. Mti wa mpakani haukupoteza uzito, uliongeza.

Tufanye nini basi? Tusilipize kwa kukata ya jirani, maana hapo mashahidi wote wawili wanakufa. Tuangalie kwanza kama ni panga kweli: ule ugonjwa wa kunyausha migomba, ulioonekana Masisi tangu 2001, umetia hasara nyingi, na panga lisilosafishwa linaueneza. Kama ni panga kweli, tuite wenye kupakana nasi na wazee waliojua kalinzi, waone visiki vingali vibichi. Waulize pande zote mbili, waonyeshe mpaka, na kila neno liandikwe. Jirani akikubali kosa, alipe, apande tena mbele ya wote, na kasiksi inywewe pamoja.

Akikataa, tribinali iko. Sheria ya makosa ya tarehe 30 Januari 1940 inaazibu mwenye kuharibu mali ya mwengine kwa ubaya, na mwenye kung'oa alama za mipaka. Lakini tribinali iko mbali na inakula feza, na hukumu ikishatoka, jirani anabaki jirani. Ndiyo sababu wazee waanze, sheria ifuate. Na sisi tunaojua kuandika, tuandike mipaka yetu leo, wakati mashahidi wangali wazima.