Simba wa Tsavo na Suala la Nakala Hafifu

Uhakiki wa filamu aghalabu hudhani kwamba kazi inayohakikiwa ni moja. Historia ya simba wa Tsavo yaonyesha vinginevyo. Mwaka wa 1898, simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli kando ya Mto Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi. John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja, aliwaua mwezi Desemba, akakiandika kisa hicho katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1907. Ngozi zao zilikuwa mazulia kwa takriban robo karne, hadi alipoyauzia makumbusho ya Field, Chicago, mwaka wa 1924. Kwa kuwa zilikwisha kukatwa na kuchakaa, simba wanaoonyeshwa huko ni wadogo kuliko walivyokuwa hai.

Kisa hicho ndicho chanzo cha filamu The Ghost and the Darkness (1996), iliyoongozwa na Stephen Hopkins na kupigwa Afrika Kusini. Taharuki yake imejengwa kwa nyasi na giza: mtazamaji humhisi simba kabla ya kumwona. Fani ya namna hii ndiyo inayodhulumiwa zaidi na usimbaji wa zamani. Diski ya VCD, iliyosanifishwa mwaka wa 1993, ilibeba picha ya pikseli 352 kwa 288. Usimbaji wake huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale yanayodhaniwa hayataonekana. Nyasi zinazotikisika na weusi wenye tofauti ndogo ndivyo vinavyoathirika kwanza.

Katika televisheni za chogo kasoro hiyo ilisitirika, kwani kioo kilikuwa kidogo na mwanga wake ulilainisha kingo. Skrini ya kisasa ya pikseli 3840 kwa 2160 ina pikseli zaidi ya mara 80. Pengo hilo hujazwa kwa kukisia, na kukisia si kurejesha. Usiku wa Tsavo hugeuka viraba vya kijivu.

Ukanda asilia unaweza kusimbwa upya, lakini si mali ya mtazamaji wa Voi mwenye diski. Hivyo basi, anayedai kwamba taharuki ya filamu ni dhaifu huenda anaihukumu diski. Mhakiki wa tenzi hutaja nuskha aliyoisoma. Mhakiki wa filamu naye hana budi kutaja nakala aliyoitazama. Pasipo hivyo, kisa kilichotoka Taita Taveta kitahukumiwa kwa upungufu usio wake, sawa na simba wanaodhaniwa wadogo kwa sababu ya ngozi zilizokatwa.