Siku Moja Qurtuba: Matembezi ya Miguu na Somo la Fitna



Jina la mji huu tunalitaja kila tunapofungua Tafsiri ya Imam al-Qurtubi, lakini wengi wetu hatujui uko wapi. Leo unaitwa Córdoba, nao uko kusini mwa Hispania, ukingoni mwa mto Guadalquivir. Hata jina la mto huo ni la Kiarabu: al-Wadi al-Kabir, yaani mto mkubwa. Mji wa kale si mpana na vichochoro vyake ni vyembamba, basi siku moja ya kutembea kwa miguu inatosha kuona mengi. Tuandamane.

Tunaanza asubuhi, ng'ambo ya kusini ya mto, kabla ya jua kuwa kali. Mbele yetu liko daraja la mawe lenye matao 16. Warumi ndio walioliasisi. Waislamu walipouchukua mji mwaka 711 daraja lilikuwa limeharibika. Gavana al-Samh bin Malik alimwandikia Khalifa Umar bin Abdul-Aziz kumtaka ushauri, na kwa idhini yake likatengenezwa kwa mawe yaliyotolewa katika ukuta wa mji. Tangu mwaka 2004 magari hayapiti hapo, kwa hiyo hata wenye watoto wadogo huvuka kwa raha.

Tukishavuka tu, tunaukabili Msikiti Mkuu. Tunaingia kwanza uani, penye miti iliyopandwa kwa safu. Matunda yake ni machungu: ndiyo yale sisi tunayoyaita narinji, na Wahispania huita chungwa naranja. Si neno hilo peke yake. Sukari kwao ni azúcar, kasri ni alcázar, na mtu akitamani jambo liwe husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu na ndani yake limo jina la Allah. Mnara nao upo, lakini umefunikwa. Ule uliojengwa na Abdur-Rahman wa Tatu katika karne ya 10 umo ndani ya mnara wa kengele wa kanisa.

Msikiti huu ulianzishwa mwaka 785 na Abdur-Rahman wa Kwanza, kijana wa ukoo wa Bani Umayya aliyekimbia Sham baada ya jamaa zake kuuawa na Bani Abbas mwaka 750. Alifika Andalusia hana kitu, na mwaka 756 akawa mtawala wa Qurtuba. Waliomfuata walipanua kila mmoja kwa zamu yake, na leo nguzo zilizobaki ni zaidi ya 850. Zile za mwanzo zilichukuliwa katika magofu ya Kirumi na hazilingani urefu, basi mafundi waliziweka juu ya vitako tofauti, wakajenga matao mawili mawili, moja juu ya jingine, ya matofali mekundu na mawe meupe. Mihrabu tunayoiona ni ya al-Hakam wa Pili. Vipande vya kioo na dhahabu vinavyoipamba vilitoka kwa mfalme wa Constantinople, pamoja na fundi wake.

Lakini tukigeuka nyuma, katikati ya nguzo limesimama kanisa kubwa. Mfalme Ferdinand wa Tatu aliuchukua mji tarehe 29 Juni 1236 na msikiti ukawa kanisa. Mwaka 1523 maaskofu walianza kubomoa katikati ili wajenge kanisa hili, na baraza la mji, Wakristo hao hao, lilipinga hata likatishia kifo kwa fundi atakayebomoa. Mfalme Carlos wa Tano ndiye aliyetoa ruhusa. Mpaka leo Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo, na walinzi huzuia. Anayetaka kuswali upo msikiti mdogo kwenye bustani ya Plaza de Colón, kaskazini mwa mji wa kale.

Hapa ndipo wengi wetu huishia kulia na kulaumu. Ndugu msomaji, tusikimbilie huko. Tutoke, tupite mtaa wa kale wa Mayahudi, alikozaliwa tabibu na mwanachuoni wao Musa bin Maymun, mpaka ukuta wa magharibi. Nje ya ukuta kuna sanamu ya Ibn Rushd, aliyezaliwa hapa mwaka 1126, kadhi na mtunzi wa Bidayat al-Mujtahid ambayo wanafunzi wetu wa fiqhi wanaijua. Huyu mwaka 1195 alifukuzwa mjini na baadhi ya vitabu vyake vikachomwa, kwa amri ya mtawala Muislamu.

Tukiteremka na ukuta tunafika lango la Sevilla, kwenye sanamu ya Ibn Hazm, aliyezaliwa mwaka 994. Alikuwa kijana ilipozuka fitna. Mtoto wa waziri al-Mansur alitaka atangazwe mrithi wa Ukhalifa, na mwaka 1009 watu wa mji wakaasi. Waislamu wakapigana wao kwa wao zaidi ya miaka 20. Madinat al-Zahra, mji wa kifalme ulioanzwa mwaka 936 kilometa 8 kutoka hapa, uliporwa na kuchomwa. Nyumba ya kina Ibn Hazm iliharibiwa, naye akahama mwaka 1013. Mwaka 1031 Ukhalifa ukafutwa, na nchi ikagawanyika vipande, kila amiri na ngome yake, wengine wakilipa kodi kwa wafalme wa Kikristo ili wasaidiwe dhidi ya ndugu zao.

Hebu tuhesabu. Kutoka 1031 mpaka 1236 ni miaka 205. Ferdinand hakuuvunja ukubwa wa Qurtuba. Aliukuta umekwisha kuvunjwa na wenyewe. Imam al-Qurtubi alikuwa mmoja wa waliohama, akafariki Misri mwaka 1273, na tafsiri yake ikatufikia huku kwetu.

Basi mzazi utakayewapeleka watoto wako, au utakayewasimulia tu nyumbani, usiwaonyeshe nguzo peke yake. Waulize: ni nani aliyeanza kubomoa? Kisha waulize katika msikiti wetu, katika jumuiya yetu, tunagombania nini leo. Allah atuunganishe nyoyo zetu.

Wabillahi tawfiq.