Mgogoro wa wanazuoni wa Kishia na Masufi

Mgogoro huu ulipamba moto Uajemi chini ya Wasafawi, ukoo uliochipuka katika tarika ya Kisufi na kuufanya Ushia dini ya dola mwaka 1501. Kiini chake kilikuwa mamlaka: waumini wamfuate mwanazuoni wa sheria au shehe wa tarika? Mwanazuoni Muhammad Baqir Majlisi, aliyefariki mwaka 1699, aliwapiga vita Masufi. Yaweza kudaiwa kuwa ugomvi ulikuwa wa itikadi tu. Lakini irfani, elimu iliyo jirani na usufi, ilidumu mikononi mwa wanazuoni wenyewe, tangu Mulla Sadra hadi Ruhollah Khomeini aliyeifundisha mjini Qom. Kwa msomaji wa Mpanda, Katavi, tofauti na Uajemi iko wazi: Qadiriya, iliyoshamiri Tabora na Ujiji, ni tarika ya Kisunni, na mashehe wake wengi walifundisha sheria pamoja na kuongoza dhikiri.