Kikokotoo, Kompyuta na Mwaka 1974

Wanadamu wana desturi ya kupima heshima ya chombo kwa kimo chake. Meli hutazamwa kabla ya mashua, na mashua kabla ya ngalawa; basi si ajabu kwamba kompyuta ilipozaliwa ilistahiwa kwa kuwa ilijaza chumba. ENIAC, iliyojengwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kuonyeshwa hadharani mwaka 1946, ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi. Ndani yake zilikuwamo chupa za kioo zilizotolewa hewa zipatazo 18,000, jamaa za zile zilizokuwamo katika redio za mezani za zamani hizo. Chupa moja ikiungua, hesabu iliweza kuharibika, na fundi alikuwa hana budi kuitafuta kama mtu atafutaye sindano katika shehena ya makuti. Aliyeiona mashine ile hakudhani kwamba mjukuu wake angekuja kutiwa mfukoni. Insha hii yahusu kuzaliwa kwa mjukuu huyo, na nyumba alimozaliwa, ambayo haikuwa nyumba ya kompyuta kamwe. Yahusu pia uamuzi mmoja wa Tanzania ambao hausomeki vema mpaka habari hiyo iwe imefahamika.

Yafaa kwanza tujue kilichomo ndani. Kila kompyuta, kubwa kwa ndogo, ni mkusanyiko wa malango ya umeme. Lango lililo wazi huhesabiwa kuwa 1, na lililofungwa huhesabiwa kuwa 0. Mkulima wa mpunga hatapata taabu kulielewa jambo hili, maana yeye naye hufungua tuta hapa na kuliziba pale, maji yaende jaruba alitakalo. Tofauti ni moja tu, lakini ndiyo siri ya mambo yote: katika kompyuta, maji yapitayo lango moja huenda kufungua au kufunga lango jingine bila mkono wa mtu. Malango yakipangwa kwa akili, hujumlisha. Yakijumlisha upesi sana, hufanya kila hesabu iwezayo kuelezwa hatua kwa hatua. Hapana roho ndani ya chombo hiki, wala hapana uchawi. Pana malango, na mpango wa malango.

Chupa za kioo zilikuwa malango mabaya. Zilikuwa kubwa, zilichemka, na ziliungua. Mnamo Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain, katika maabara ya Bell nchini Marekani, walifanya lango kwa kipande kigumu kisicho na kioo wala waya wa kuwaka. Pamoja na William Shockley walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Lango hilo ndilo transista. Watu wengi walilijua jina hilo kwa redio ndogo za betri kabla hawajasikia habari ya kompyuta, na pengi redio yenyewe ikaitwa transista, kana kwamba nyumba ingeitwa kwa jina la msumari. Katika miaka ya 1958 na 1959, Jack Kilby na Robert Noyce, kila mtu kwa njia yake na katika kampuni yake, walionyesha jinsi transista nyingi ziwezavyo kufanywa pamoja juu ya kipande kimoja. Hiyo ndiyo chipu. Silikoni yake hutoka katika mawe meupe na mchanga, mali isiyoadimika popote duniani. Kinachoadimika ni kazi ya kuisafisha na kuichora.

Sasa twaifikia nyumba yenyewe. Mwaka 1969 kampuni moja ya Japani, jina lake Busicom, ilikuwa ikiuza vikokotoo vya mezani kwa maduka na ofisi. Haikuwa na haja ya kompyuta. Ilitaka chipu za kufanyia vikokotoo vipya, na kwa kuwa haikuweza kuzitengeneza, iliagiza kwa kampuni changa ya Marekani, Intel, ambayo Noyce na Gordon Moore walikuwa wameianzisha mwaka 1968. Mhandisi kijana wa Busicom, Masatoshi Shima, akaenda California na wenzake, wamechukua michoro yao. Michoro ilidai chipu nyingi za namna mbalimbali: hii ya vitufe, hii ya kuonyesha tarakimu, hii ya kupiga chapa karatasi, na nyingine za hesabu yenyewe. Kila moja ilikuwa na kazi yake, isiyoweza nyingine.

Ted Hoff wa Intel aliitazama michoro ile akaona kwamba kampuni yake haina watu wa kuitimiza kazi hiyo. Yamkini hii ndiyo sehemu ya habari inayostahili kukumbukwa kuliko zote: fikira kubwa ilizaliwa na uchache wa mafundi. Hoff alipendekeza kwamba badala ya kushona chipu nyingi, kila moja kwa kipimo cha kazi yake, ifanywe moja isiyojua kazi yoyote maalumu, ila ijue kusoma amri ndogo ndogo zilizowekwa katika kumbukumbu na kuzitii. Michoro ya Shima ilikuwa kama kanzu, ambayo hukatwa kwa mwili wa mtu mmoja, na mwingine akiivaa humpwaya au humbana. Pendekezo la Hoff lilikuwa kama leso. Leso haina mwili wake. Mwenye nayo huivaa, hubebea mtoto, hufungia mzigo, hujifunika usiku, na nguo ni ile ile. Badilisha amri zilizomo katika kumbukumbu, na chipu ile ile iliyokuwa ikihesabu bei ya sukari itaongoza taa za barabarani. Kompyuta kubwa zilikuwa zikifanya hivyo tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa kuutia uwezo huo wote wa kusoma amri na kuhesabu katika kipande kimoja, tena kwa ajili ya chombo cha dukani.

Kupendekeza ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine. Hoff na mwenziwe Stanley Mazor waliupanga mpango. Lakini kwa miezi mingi hakuna aliyeuchora. Federico Faggin, Mwitaliano, aliajiriwa mwezi wa Aprili 1970 kuifanya kazi hiyo, na siku chache baadaye Shima alifika kutoka Japani kukagua maendeleo, akakuta hapana cha kukagua. Alikasirika, na alikuwa na haki. Hata hivyo hakurudi kwao. Alikaa miezi kadhaa akifanya kazi bega kwa bega na Faggin, yeye aliyekuja kama mteja. Siku hizo michoro ya chipu ilikatwa kwa mkono juu ya karatasi za plastiki, mikubwa mamia ya mara kupita chipu yenyewe, kisha ikapunguzwa kwa nuru na kupigwa juu ya silikoni, kama picha ipigwavyo. Kosa la kisu lilikuwa kosa la mashine. Mwanzoni mwa 1971 chipu ilifanya kazi. Iliitwa 4004. Upana wake ulikuwa milimita 3 kwa 4 hivi, na transista zake 2,300. Faggin alichora katika pembe yake herufi mbili za jina lake, F.F., ndogo kupita kiasi cha kuonekana na jicho tupu. Wachongaji wa milango ya Lamu na Unguja hawakuwa na haja ya kuyaficha majina yao hivyo, ila mlango ulikuwa na nafasi.

Sasa ni mali ya nani? Mkataba ulisema ya Busicom. Aliyelipia chombo ndiye aliyekuwa na haki ya kukitumia peke yake, na Intel ilikuwa fundi tu. Lakini bei za vikokotoo zilikuwa zikishuka kwa ushindani mkali, na Busicom, ikiwa na shida ya fedha, iliomba ipunguziwe bei ya chipu. Faggin na wenzake waliwasihi wakubwa wao wasiiache nafasi hiyo ipite. Mapatano yakafanywa: Intel ikarejesha dola 60,000, na Busicom ikaipa ruhusa ya kumuuzia mtu yeyote chipu ile, mradi si kwa vikokotoo. Tangazo lilitoka gazetini Marekani mwezi wa Novemba 1971. Siwalaumu wakuu wa Busicom upesi kama wafanyavyo waandishi wengine. Walikuwa wauzaji wa vikokotoo. Wakaihifadhi haki ya vikokotoo, wakaiachilia haki ya kila kitu kingine, kwa sababu kila kitu kingine kilikuwa bado hakipo. Pasipo kuonekana leso, mtu huuza kitambaa kwa bei ya kitambaa.

Hapa twafika mwaka 1974, ambao kwa habari hii ni mwaka wa namna yake. Katika mwaka huo Busicom ilifilisika. Katika mwaka huo huo Intel ilitoa chipu iliyoitwa 8080, yenye nguvu zaidi mara nyingi, iliyofanywa na Faggin pamoja na Shima, ambaye sasa alikuwa amehamia huko. Na katika mwaka huo huo, mbali sana na California, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake.

Marufuku hiyo haikuzuka bure. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilitoka Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya hesabu za Serikali ilipohamishiwa katika mashine, mambo yalivurugika na hasara ikapatikana. Mashine ilikuwa ya kigeni, mafundi wake wageni, vipuri vyake vya kununuliwa kwa fedha za kigeni. Na fedha hizo, baada ya bei ya mafuta kupanda katika 1973 na ukame kulazimisha nchi kununua chakula nje, zilikuwa haba kuliko wakati wowote tangu uhuru. Waziri aliyechagua mahindi akaacha mashine hakuwa mpumbavu. Nasema hivi wazi, maana pana wasimulizi ambao huitaja marufuku ile kwa kicheko tu, kama watu waliokwisha kushiba wasimuliavyo habari ya njaa.

Walakini mwanahistoria hana budi kuuliza ni nini hasa kilichopigwa marufuku. Katika fikira za wakati ule, kompyuta ilikuwa kile chombo cha Wizarani: kikubwa, ghali, chenye chumba chake cha baridi na mtaalamu wake wa kigeni. Hukumu ilitolewa juu ya mwili huo, na juu ya mwili huo ilikuwa ya haki. Ila mwili huo ulikuwa unakufa. Toleo la Januari 1975 la jarida moja la Marekani la mafundi wa umeme lilitangaza Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande kwa chini ya dola 400, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe nyumbani kwa lehemu. Ndani yake ilikuwamo 8080. Waliouza chombo hicho walikuwa kampuni ndogo ya Albuquerque, MITS, ambayo biashara yake kabla ya hapo ilikuwa, msomaji atashangaa kusikia, kuuza vikokotoo, nayo ilikuwa karibu kufa kwa ushindani ule ule uliokwisha kuiua Busicom. Marufuku iliyokusudiwa kumzuia tembo ilimzuia pia sungura, kwa kuwa wote wawili walikuwa na jina moja. Baadaye ililegezwa kidogo kidogo; lakini miaka ambayo vijana wa nchi nyingine walikuwa wakifungua mashine ndogo na kuziharibu na kuzitengeneza tena, ambavyo ndivyo mtu ajifunzavyo, wengi wa vijana wa Tanzania waliipitisha bila kuzigusa.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia upesi. Chipu ziliendelea kujaa transista, maelfu yakawa mamilioni, mamilioni yakawa mabilioni. Mwaka 1985 kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, iliyofanya kompyuta za shule na za nyumbani, ilitoa chipu ya mpango mwepesi, ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber. Na uzao wa chipu hiyo, kwa kuwa hutumia umeme kidogo, ndio ulioingia katika simu nyingi sana za mkononi duniani. Kwa hiyo kompyuta iliyoenea Afrika ya Mashariki haikuingia kwa mlango wa Wizara. Iliingia mfukoni, kwa jina la simu. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, wateja waliotuma fedha kwa vitufe vya simu za bei ndogo walikuwa wakitumia mashine za hesabu ambazo ENIAC ingezisujudia, na hawakuziita kompyuta.

Wala udongo wetu haukuwa nje ya habari hii. Vifaa vingine vidogo vilivyomo katika simu, vya kuweka akiba ya umeme kwa kitambo kifupi, hufanywa kwa tantali, madini yatokayo katika koltani. Sehemu kubwa ya koltani imechimbwa kwa sururu katika Kivu, na watu wasemao Kiswahili, katika nchi iliyoumizwa na vita. Bei ya tantali ilipopaa mwaka 2000, watu waliacha mashamba wakafuata mashimo. Kwa hiyo Kiswahili kilisemwa juu ya chombo hiki kabla hakijawa chombo, mamia ya maili kutoka bahari iliyokipeleka ng'ambo.

Leo katika vibanda vya Kariakoo, Dar es Salaam, mafundi huzifungua simu hizo mchana kutwa. Fundi huinua kioo, hufunua bodi, hutazama kwa lenzi vipande ambavyo herufi za Faggin zingekuwa kubwa juu yake, na kwa ncha ya moto na lehemu huondoa kilichokufa na kuweka kilichotolewa katika simu nyingine iliyokwisha kufa. Wengi wao hawakufundishwa kazi hiyo darasani. Wamejifunza kwa kufungua.