Hirimu za Mlimani

Kiswahili kina neno lake kwa mtu aliyemaliza masomo: mhitimu. Asili ya neno hili ni chuo cha Kurani, ambako mtoto alihitimu alipokwisha kuzisoma juzuu zote thelathini, na wazazi wake wakafurahi kwa karamu. Kilatini, lugha iliyotumiwa na vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi, kina neno lake pia, nalo ni alumnus. Maana yake ya kwanza ni mtoto wa kulelewa, aliyelishwa kwa mkono wa mtu mwingine. Maneno haya mawili hutumiwa leo kwa mtu mmoja, walakini hayatazami upande mmoja. La kwanza latazama mwisho wa kazi, la pili latazama mkono uliolisha. La kwanza lasema kwamba mtu amemaliza, la pili lasema kwamba anadaiwa. Historia ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, na ya usuhuba wao baada ya kuachana na madarasa, ni historia ya mvutano wa maana hizi mbili.

Kushikamana kwa wanafunzi wa zamani si jambo la juzi. Huko Marekani, wahitimu wa chuo cha Williams, katika jimbo la Massachusetts, waliunda jumuiya yao mwaka 1821. Mkuu wa chuo alikuwa ameondoka pamoja na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha chuo kingine huko Amherst, na ilihofiwa kwamba Williams kingekufa. Wahitimu walikusanyika ili kukiokoa. Mwaka 1890 wahitimu wa Yale nao waliunda mfuko wa kukichangia chuo chao kila mwaka. Tangu hapo desturi ya nchi ile ikawa kwamba mwanafunzi wa zamani hurudi kwa mlezi wake akiwa na kitu mkononi. Deni lalipwa kwa chuo, nalo lalipwa kwa fedha.

Katika Afrika Mashariki mambo yalichukua njia nyingine, kwa sababu hapakuwa na wahitimu wa kutosha wala fedha za kutosha, na aliyelisha hakuwa chuo peke yake. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Katika miaka ya 1940 Watanganyika waliokuwa wakisoma huko walikuwa wachache mno, hata kila mmoja alimjua mwenziwe kwa jina na kwa kabila. Mwaka 1943 watatu miongoni mwao, Julius Nyerere, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, waliunda chama cha kusaidiana. Chama hicho hakikudumu. Mahali pake palichukuliwa na tawi la chama cha TAA, lililokuwa limezimia nao wakalifufua. Lakini kilichofuata ndicho chenye maana. Nyerere alipokwenda kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, alimkuta Tibandebage huko, na wote wawili wakaendelea na kazi ya TAA. Mwaka 1953 Nyerere akawa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Usuhuba wa chumba cha kusomea ulikuwa umegeuka kuwa usuhuba wa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kuikomboa nchi.

Miaka michache baadaye palitokea hirimu nyingine, na kisa chake ndicho kirefu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 14. Mwaka 1963 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Na mwaka 1964 kilihamia nje ya mji, juu ya kilima, mahali ambapo watu wamepaita Mlimani hata leo. Mkenya, Mganda na Mtanzania walikaa kwenye benchi moja, wakala chakula kimoja, wakabishana usiku mmoja.

Juu ya nani aliyelipia chakula hicho, palizuka ugomvi mkubwa. Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao katika muda huo, wanafunzi waliandamana hadi kwa Rais tarehe 22 Oktoba 1966. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo moja lililosema kwamba afadhali enzi ya ukoloni. Nyerere alikasirika, akawafukuza wanafunzi 393, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Katika miaka ile alipenda kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akishiba asirudi, amewasaliti waliomlisha. Wengi wa waliofukuzwa walikubaliwa kurudi baadaye. Lakini swali lilikwisha kuulizwa hadharani, wala halikuweza kufutwa: je, shahada ni mali ya aliyeipata, au ni amana?

Wanafunzi waliofuata walilijibu swali hilo kwa namna yao. Mwaka 1967 kiliundwa chama cha wanafunzi cha mapinduzi ya Afrika, kilichojulikana kwa herufi zake USARF, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda. Dar es Salaam ilikuwa makao ya vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, na mwaka 1968 Museveni na wenzake walikwenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini ya Msumbiji. Kila Jumapili palifanyika darasa lisilokuwamo katika ratiba ya chuo, nalo halikuwa na mtihani wala cheti. Novemba 1969 lilitoka gazeti lao, Cheche, jina lililofuata gazeti la Lenin, Iskra, na lile la wafuasi wa Nkrumah, The Spark. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Humo Walter Rodney aliandika, na humo Issa Shivji, akiwa kijana wa sheria, alitoa mwaka 1970 makala yake ndefu juu ya mapambano ya matabaka katika Tanzania. Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku chama pamoja na gazeti lake. Hoja ilikuwa kwamba nchi haihitaji kuazima itikadi ya kigeni.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika kuwa vyuo vitatu. Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa Uganda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983. Mwishoni mwa 1978 Uganda na Tanzania zikapigana. Waliokaa benchi moja sasa walitenganishwa na mipaka, na wengine wakatenganishwa na jambo gumu kuliko mpaka, yaani cheo. Zakia Meghji alikuwa waziri, na mwaka 2006 akashika wizara ya fedha. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba. Shivji alibaki Mlimani akifundisha sheria na kuikosoa serikali. Museveni aliingia Kampala na jeshi lake Januari 1986, naye akatawala. John Garang wa Sudan, aliyepita Mlimani na katika USARF, aliongoza vita vya kusini kwa zaidi ya miaka ishirini. Tarehe 30 Julai 2005, wiki tatu tu baada ya kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, alikufa katika helikopta ya serikali ya Uganda alipokuwa akirudi kutoka kwa Museveni. Usuhuba wa ujana ulikuwa ungali hai siku ile.

Walakini si kila usuhuba uliodumu ni wa kusifiwa. Wakubwa waliosoma pamoja wanaweza kuwa na umoja wa kupeana vyeo, na umoja wa namna hiyo hautofautiani sana na ule wa wezi wanaogawana gunia. Mwanafunzi aliyepinga ubwanyenye akiwa na miaka 22 aweza kuufaidi akiwa na miaka 62, na rafiki yake wa zamani akamfichia. Kwa hiyo kudumu peke yake si kipimo. Kipimo ni kile wanachokifanya wanapokutana tena.

Hapo kundi la Cheche lina fundisho. Rodney alipokuwa akiandika kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichochapwa mwaka 1972, waliousoma mswada na kuukosoa walikuwa Hirji na Mapolu. Tanzania Publishing House, iliyoshiriki kukichapa, iliongozwa na Walter Bgoya. Rodney aliuawa huko Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Mwaka 2010, miaka arobaini baada ya Cheche kuzimwa, Hirji aliwakusanya wenzake wa zamani katika kitabu cha kumbukumbu za gazeti lile, na mchapishaji alikuwa Bgoya yuleyule, sasa katika kampuni yake ya Mkuki na Nyota. Mwaka 2017 Hirji alitoa kitabu kizima cha kukitathmini kile cha Rodney. Msomaji wa mswada alikuwa amerudi kwenye kazi ileile baada ya miaka 45. Shivji naye, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, alitoa mwaka 2020 wasifu wa Nyerere wenye juzuu tatu, ambamo mtawala aliyewanyamazisha vijana wa Mlimani anapimwa kwa haki, bila chuki wala kujipendekeza.

Watu hawa hawakuunganishwa na karamu za kila mwaka wala na mfuko wa michango. Hawakuunganishwa hata na kukubaliana. Waliunganishwa na swali walilolikuta wakiwa vijana, wasiloweza kulijibu katika muda wa masomo yao. Mtihani huisha kwa saa tatu; swali la nani alilisha na nani atalipa halikuisha kwa miaka hamsini.

Leo vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni vingi, na wanafunzi wake ni maelfu kwa maelfu. Mtu aweza kukaa miaka mitatu asimjue aliyeketi nyuma yake. Hirimu haiji tena yenyewe kwa sababu ya uchache wa watu, kama ilivyokuja Makerere mwaka 1943. Yapasa itafutwe, na itapatikana pale tu watu wachache watakapokubali kubeba swali moja pamoja. Wanaotaka kuwa wahitimu tu watapata vyeti vyao, na hilo ni haki yao. Lakini waliokula chakula cha kijiji wajue kwamba kijiji hakikuhitimu pamoja nao. Kingali kikiwangoja.