Bingwa wa Kwanza Alitoka Nakuru

Bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya kandanda nchini Kenya hakutoka Nairobi, wala Mombasa, wala Kisumu. Alitoka hapa Nakuru. Mwaka 1963, mwaka uleule bendera ya Mwingereza iliposhushwa, Nakuru All Stars walimaliza ligi mpya wakiwa juu ya wote. Ukimwambia hivyo kijana wa leo pale stendi ya matatu, anakutazama kama mzee anayetafuta kununuliwa chai.

Mimi si mwandishi wa michezo. Nilikuwa fundi wa kuandika mabango, mtaa wa Bondeni, tangu enzi ambapo duka halikuwa duka mpaka jina lake lipigwe rangi ya mafuta juu ya mlango. Mbali na hoteli na vinyozi, nilipata pia kazi ya matangazo ya mechi za uwanja wa Afraha: mbao nyeupe, herufi nyekundu, timu mbili, siku, saa, bei ya kuingia. Majina mengi ya timu nimeyaandika kwa mkono huu, na mengi nimeyafuta kwa brashi hiyohiyo. Klabu moja, jina nalisitiri, haijanilipa mpaka leo. Kwa hiyo ninapouliza timu zetu zilikwenda wapi, siulizi kwa ushabiki peke yake. Nina deni la kudai.

Baba alikuwa mtu wa reli. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na mji ukaota pembeni yake, na kila kilichofuata kilivuta watu kutoka kila upande: karakana, maghala ya mahindi na ngano, ofisi za chama cha wakulima cha KFA, mashamba ya walowezi. Mjaluo alikaa ukuta mmoja na Mkikuyu, Mluhya na Mkalenjin, na sisi wa Bondeni, Waswahili, Wanubi na Wasomali, tukiwa katikati. Hesabu ya watu ya 1962 ilipata watu 38,181 mjini. Mji mdogo huo ndio uliowatangulia wakubwa wote. Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele uwanjani, lakini jambo hili alilirudia mara nyingi: kwamba All Stars ilikuwa timu ya mji, na ukiingia Afraha hukuulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Timu nyingine ziliuliza, na kwa kuuliza zikapata nguvu. Mwaka 1964 kombe lilikwenda kwa Luo Union. Mwaka 1965 likateremka pwani kwa Feisal. Halafu Abaluhya wakalichukua 1966 na 1967, na Gor Mahia, iliyoundwa Februari 1968, ikalichukua mwaka huohuo wa kuzaliwa kwake. Tazama nguvu yenyewe ilivyofanya kazi. Klabu ya jamii ina mashabiki katika kila mji ambako mtu wa jamii hiyo amepanga chumba. Abaluhya wakija Afraha, nusu ya uwanja ilikuwa yao kabla hawajashuka kwenye basi. Gor wakija, vivyo hivyo. Mchango wa harusi na matanga ulipita katika mikono ileile iliyochangia nauli ya wachezaji. All Stars haikuwa na Nakuru nyingine ya kuichangia.

Lakini bado walirudi. Mwaka 1969 All Stars walitwaa ligi mara ya pili. Huo si mwaka mwepesi katika historia ya nchi hii. Waziri Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai, na Oktoba damu ikamwagika Kisumu. Nilikuwa mvulana wa kukimbia na chupa za maji kando ya uwanja, na nakumbuka wakubwa wakizungumza kwa sauti ya chini hata kwenye mechi. Katika mwaka ambao kila mtu alimpima mwenzake kwa jina la ukoo, kombe la nchi likaenda kwa timu isiyokuwa na kabila. Sijasoma mahali popote mtu akiliandika jambo hilo kwa uzito unaostahili, na linaniuma kidogo.

Baada ya hapo, basi. Hakuna timu ya mji wa Nakuru, kwa maana ya timu ya watu wa mji wenyewe, iliyochukua tena ligi.

Watu hupenda kusema vipaji viliisha. Si kweli, na mwenye macho alipita tu mitaa ya Kivumbini au Kaptembwo jioni akaviona. Kilichoisha ni njia ya kulipa. Mwaka 1972 Kenya Breweries walichukua ligi, na huo ukawa mlango wa zama nyingine: zama za mshahara. Mchezaji aliandikishwa kazi kiwandani, akapewa nyumba na kadi ya hospitali, asubuhi akapiga saini na alasiri akafanya mazoezi. Mwaka 1980 serikali ikaagiza klabu ziache majina ya kikabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards na Luo Union wakawa Re-Union. Gor Mahia wakabaki na jina lao. Agizo lilibadilisha maandishi. Mashabiki walibaki walewale, na michango vilevile. Mimi nilipata kazi ya kuandika upya mbao kadhaa, sikulalamika.

Nakuru ilikuwa na viwanda pia. Bodi ya Pareto ilikuwa na makao yake hapa wakati Kenya ilipokuwa ikiongoza dunia kwa pareto. Eveready walitengeneza betri hapa hadi walipofunga kiwanda mwaka 2014. Unga ulisagwa hapa. Mishahara ilikuwepo, lakini hakuna hata kimoja kati ya viwanda hivyo kilicholeta kombe la ligi mjini. Pareto ilipoporomoka, kila kitu kilichoegemea mshahara wake kiliporomoka nayo, kuanzia mabaraza ya wafanyakazi hadi timu za mtaani.

Kombe lilirudi Bonde la Ufa kwa mlango wa maua. Naivasha, kando ya ziwa, kampuni ya Oserian ilikuwa ikilima maua ya kusafirishwa Ulaya, na timu yake, Oserian Fastac, ikachukua ligi mwaka 2001 na tena 2002. Miaka 32 tangu All Stars! Nilikwenda Naivasha kuwaona, nikawapenda. Walicheza kwa nidhamu ya watu wanaojua lori la uwanja wa ndege haliwasubiri. Hata hivyo sikusikia mtu wa mjini Naivasha akisema "timu yetu" kwa namna baba alivyokuwa akisema. Ilikuwa ya shamba. Leo Oserian haimo katika ligi kuu, na watoto wa Naivasha wanavaa jezi za Arsenal.

Kisha jeshi. Ulinzi Stars waliundwa mwaka 1995 kutokana na timu za vikosi mbalimbali, wakatwaa ligi 2003, 2004, 2005, halafu 2010. Walikuja kuifanya Afraha nyumbani kwao, na kwa kuwa Lanet ina kambi, mji uliwapokea kama majirani. MacDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan ilipobeba kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka 2010, alipita Ulinzi akiwa kijana. Ulinzi walilipa kwa wakati, nakiri. Lakini askari huhamishwa. Siku hizi Ulinzi wanapokea wageni Lang'ata, Nairobi, kwenye uwanja wao wenyewe ndani ya kambi. Hakuna aliyetukosea, mwenye timu amehamisha timu yake.

Hapo ndipo penye hoja yangu yote. Bonde hili la kati limetoa mabingwa, lakini tangu 1969 kila bingwa alikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe hakuwa mji. Kwa sababu hiyo, makelele ya kupanua ligi, ambayo yamekula miaka mingi ya mpira wetu, sikuwahi kuyaona kama dawa.

Angalia yaliyotokea. Mapema mwaka 2015 shirikisho la kandanda lilitaka ligi ya timu 18, KPL, kampuni iliyokuwa ikiendesha ligi, ikashikilia 16, na kwa muda nchi ikawa na ligi kuu mbili zinazogombania wachezaji na waamuzi. Ikamalizika kwa 16. Katika hizo 16 tulikuwa na mbili: Ulinzi, na All Stars. Ndiyo, jina la All Stars lilikuwa limefufuliwa, na timu ikapanda daraja. Wazee tulijaa Afraha kana kwamba ni 1969. Msimu uleule Gor Mahia walimaliza bila kupoteza hata mechi moja, na All Stars wakashuka daraja pamoja na KCB. Msimu mmoja tu. Jina lilifufuka, lakini aliyelibeba hakuwa na mfuko, na jamii yake ilikuwa mji usiojua kuchangia timu.

Mwaka 2017 upanuzi ukafaulu, timu zikawa 18. SuperSport, waliokuwa wakionyesha ligi yetu kwenye televisheni, wakajiondoa wakitaja upanuzi huohuo, na pesa ya televisheni ikaondoka nao. Na nani aliingia? Zoo kutoka Kericho walikuwamo, tukafurahi kwamba Bonde la Ufa limepata kiti kipya. Mwaka 2021 FIFA ikawashusha kwa kosa la kupanga matokeo. Nakumatt nao waliingia. Supamaketi hiyo ilianzia hapahapa Nakuru ikiuza magodoro, lakini timu yake ilikuwa ya Nairobi. Duka lilipofilisika, timu ikabadilishwa jina ikawa Mount Kenya United, na mwaka 2019 ikashuka. Viti viwili viliongezwa mezani, na waliovikalia hawakudumu.

Habari za kupanuka namna hiyo nimezisikia hata kutoka mbali. Mpwa wangu anasomea uuguzi Lincoln, jimbo la Nebraska, Marekani. Kule ni wakulima wa mahindi kama sisi, hata timu ya chuo chao kikuu inaitwa kwa jina la wamenya mahindi. Wanacheza ule mpira wao wa kofia ngumu. Ananieleza kwamba chuo hicho kilikuwa kikitisha: ubingwa wa nchi 1970, 1971, 1994, 1995 na 1997. Mwaka 2011 wakahama kundi lao la zamani wakajiunga na kundi jingine kubwa lenye pesa nzito za televisheni, lililokuwa likipanuka kwa kuvuta vyuo kutoka huku na huku. Pesa zilikuja. Ubingwa haukuja, hata wa kundi hawajauonja tangu 1999. Nikasema, basi ni sisi hao. Mpwa akanikatiza, "La, mjomba. Uwanja wao umejaa kila mechi ya nyumbani tangu 1962." Mwaka mmoja kabla ya ligi yetu kuanza! Wameporomoka kimchezo, lakini hakuna mtu anayeweza kuwahamisha akapeleka timu Chicago. Chuo ni cha jimbo, timu ni ya chuo, na mkulima anamrithisha mwanawe tikiti ya msimu. Kushindwa kwao ni kushindwa kwa timu iliyo hai.

Sisi tulichonacho ni uwanja. Afraha umeona mengi kuliko mpira. Baada ya uchaguzi wa 2007, waliofukuzwa makwao walilala humo. Tarehe 16 Aprili 2016 viongozi wa Jubilee walifanya humo mkutano wao mkubwa wa shukrani baada ya kesi za The Hague kuanguka, na nyasi zilikanyagwa na watu ambao hawakuja kutazama mpira. Mji ukapewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tangu hapo uwanja umekuwa ukijengwa upya, sehemu ya pesa ikitoka katika mpango wa miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Jukwaa jipya ni zuri, silikatai.

Ila nimehudhuria vikao vya maoni ya umma mara kadhaa, na kila mara nimesikia habari za viti, paa, taa na maegesho. Nani atakuwa mwenyeji humo, hakuna aliyesema. Nikiuliza, naambiwa, "Mzee, timu zitakuja." Zitakuja, ndiyo, kama zilivyokuja za maua na za jeshi, na zitaondoka na mwenyewe.

Hesabu ya 2019 inasema Nakuru mjini tu watu 570,674. Hao si watu wa kushindwa na klabu moja ya wanachama, yenye kadi, ada ndogo ya mwaka, hesabu zinazosomwa hadharani, na katiba inayosema wazi kwamba timu haiwezi kuuzwa wala kuhamishwa nje ya kaunti. Kaunti haihitaji kuimiliki. Ikimiliki itaishi kwa muda wa gavana mmoja. Ipewe tu siku zake za Afraha kwa maandishi na sehemu ya kiingilio, na iachiwe wanachama. Ianzie daraja la chini kabisa, isubiri, na isinunue kiti cha mtu aliyefilisika.

Waheshimiwa wa bunge la kaunti, kabla hamjapitisha bajeti nyingine ya Afraha, tuandikieni kwanza jina la mwenyeji.